Ndugu wakija Tanga alasiri: bao, dhumna, karata, Scrabble au Catan?

Idi ya mwaka jana binamu yangu alitoka Dar na boksi la Catan kwapani. Saa kumi na dakika chache tulikuwa tumeshakaa mgahawani. Saa kumi na nusu bado alikuwa anaeleza: barabara inajengwa kwa mbao na tofali, makazi yanataka mbao, tofali, ngano na sufu, na dadu zikija saba unamhamisha jambazi. Mjomba alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Bibi alishasinzia, kikombe cha chai mkononi. Adhana ya magharibi ilipotoka, aliyekuwa mbele ana pointi sita, na mchezo unataka kumi. Tukafunga boksi, mjomba akaliwahi gari la Pangani, na njiani kurudi nyumbani mama mkwe akaniuliza kwa upole wake wote, "Sasa baba, ule ulikuwa mchezo au semina?"

Tangu siku ile nimejaribu karibu kila kitu kilichopo kwenye rafu ya mgahawa ule, na vingine nimevibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Watu wakitaka ushauri wa mchezo wa kukaa na jamaa huuliza upi ni mtamu. Mimi siku hizi nauliza nani atabaki mtazamaji. Kila mchezo una mtu unaomwacha nje: wengine wanaachwa na macho, wengine na lugha, wengine na heshima zao. Ukimjua mtu huyo kabla hujafungua boksi, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Na muda ni mdogo kuliko unavyodhani. Kwetu watu hawatoki nyumbani kabla ya kuswali alasiri, na magharibi ikiadhiniwa wanasimama. Toa ya kusalimiana, toa ya kusubiri bajia na chai ya maziwa, toa ya mjomba kumaliza habari za msiba wa huko alikotoka, unabakiwa na saa mbili. Tanga ni "waja leo, waondoka leo", na mgeni wa Pangani anaondoka leo kweli, maana gari halimsubiri.

Bao na dhumna

Nianze na hii miwili kwa sababu ndiyo inayogombaniwa nyumbani kwetu. Mjomba ni mtu wa bao, hana mjadala. Lake ni la mti mzito, mashimo 32 kwa safu nne, kete 64 za komwe zilizong'aa kwa mikono ya watu watatu waliomtangulia. Ukimwona ananamua, yaani anaingiza kete za mkononi, utajua kwa nini anaudharau mchezo wowote wenye dadu. Anashika kete moja kati ya vidole viwili, anaidondosha kwenye shimo bila kuangalia, anazoa za mwenzake mkono mzima, na tayari anazisambaza kutoka kichwa, shimo la mwisho wa safu, huku anaongea na wewe habari za bei ya nazi. Kete ya mwisho ikiangukia kwenye shimo liitwalo nyumba anasimama kidogo. Alale, au asafiri? Hapo tu ndipo anaponyamaza.

Ni mchezo mzuri kuliko yote niliyoitaja kwenye kichwa cha habari, na kwa alasiri ya jamaa ndio mbaya kuliko yote. Wanacheza wawili. Sisi tulikuwa tisa. Watu saba wanabaki kuangalia, na bao la kiswahili haliangaliki kama hulijui. Kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni, sita kwenye nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, halafu 22 mkononi za kunamua. Mpaka zile 22 ziishe ndipo mtaji, hatua ya pili, unaanza, na kanuni zinabadilika. Nimejaribu kumweleza hayo mwanangu wa miaka kumi na moja mezani, pana soda na chipsi. Alivumilia mpaka neno "kutakata".

Likikulazimu, basi chezeni la kujifunza: kete mbili mbili kila shimo, mashimo yote 32, hakuna za mkononi, hakuna nyumba. Mtoto anashika kwa dakika kumi. Mjomba ataguna, ila atacheza, na ukimfanya mwalimu badala ya mshindani atacheza kwa furaha. Jingine ni la meza. Bao linataka watu wakae chini, mkekani, au walipande benchi kama baiskeli, ubao katikati. Kwenye meza ya mgahawa linakuja usawa wa kifua, mkono unachoka, na komwe ikianguka kwenye sakafu ya vigae inakwenda mpaka jikoni. Tuliitafuta moja robo saa. Ilikuwa chini ya friji.

Dhumna inachukua wanne, wawili kwa wawili, na maelezo yake yanakwisha kabla chai haijapoa. Vipande 28, saba kwa kila mtu, hakuna kinachobaki cha kuokota. Namba na namba. Bibi haoni vizuri karata, ila dhumna anaisoma kwa kidole gumba: vitundu vya sita anavijua gizani. Kwa hiyo hapo macho hayamwachi mtu.

Lakini usiudharau ukadhani ni wa bahati. Kila namba iko kwenye vipande saba tu. Una sita nne mkononi, mbili zimeshalala mezani, basi imebaki moja, na kama mwenzako amepasi kwenye sita mara mbili unajua haiko kwake. Mjomba, ambaye alikaa kwenye dhumna kwa shingo upande, alianza kuhesabu raundi ya pili, na raundi ya tatu akafunga mchezo akijua kabisa mkononi kwangu nimebeba mzigo. Tangu hapo nikimwambia bao nitaliacha nyumbani, halalamiki sana.

Tatizo la dhumna ni kelele. Kipande hakiwekwi, kinapigwa. Barazani Ngamiani hilo ndilo tunda lenyewe, mtu wa barabara ya pili anajua umeshinda. Mgahawani meza ni za kioo. Mama mkwe, mtu mpole kama nilivyosema, alipiga tano-tano yake ya mwisho mpaka mhudumu akaja kutuangalia bila kusema kitu, na kutuangalia huko kulitosha. Siku hizi nabeba khanga kuukuu, naikunja mara nne, tunachezea juu yake. Sauti inapungua, raha inapungua kidogo pia.

Karata: wahedi wasitini na Uno

Hapa uchaguzi ni wa umri, na kusema kweli hauna ugumu.

Wahedi wasitini ni mchezo wa shangazi. Pointi zote ni 120, anayepata 61 ndiye mshindi, na ndiko jina lilikotoka. Ree (ile ya A) ni 11, seti (saba) ni 10, wazungu, yaani karata za picha, wanafuata kwa nne, tatu na mbili. Wanacheza wanne wawili kwa wawili, na utamu wake uko kwenye kujua turufu zimetoka ngapi na nani anajifanya hana. Huwa nawaambia watoto wasikilize majina tu hata kama hawachezi: kopa, uru, pau, shupaza, turufu, seti. Yote ni ya Kireno, yameachwa na watu waliokuwa pwani hii karne ya 16 na ya 17, wakaondoka, karata zikabaki. Lakini mtoto wa miaka minane anayeambiwa saba ina thamani kuliko mfalme anakuona unamdanganya. Pia shangazi hana subira na mwenzake anayetupa ree ovyo. Mwaka huu alimnunia mke wangu mpaka tulipofika nyumbani.

Uno ina karata 108, kila mtu anapewa saba, na mnaweza kucheza hata watu kumi. Kwetu tisa ndio mchezo pekee wa rafuni uliotuchukua wote kwa mpigo. Watoto wetu hawahitaji maelezo kwa sababu wanacheza lasti kadi mtaani; ni mchezo uleule umevaa nguo za rangi. Wenye umri wanahitaji dakika tano, na kinachowasumbua ni rangi kuliko kanuni: chini ya taa hafifu kijani na buluu zinakuwa kitu kimoja kwa macho ya miaka sabini. Kaeni karibu na dirisha.

Jambo la kukubaliana kabla hamjaanza ni hili la kuokota mbili juu ya mbili. Kanuni ya watengenezaji hairuhusu: ukiwekewa mbili unaokota zako mbili na zamu inakupita. Mtaani zinapandana, mbili, nne, sita, mpaka mtu wa mwisho anabeba mzigo. Msipokubaliana mapema mtagombana karata ya tatu, na atakayelia ni yule mdogo. Sisi tunapandanisha. Bibi alibeba kumi mara moja, akacheka mpaka akakohoa, kisha akamwahidi mjukuu wake kwamba urithi wa cherehani umefutwa.

Scrabble, kwa wanaotaka kuicheza kwa Kiswahili

Huu nausema kwa urefu kwa sababu sijaona wengi wakiueleza, na kwa sababu nyumbani kwetu ndio uliogeuka kuwa mchezo wa watu wazima.

Boksi linalouzwa ni la Kiingereza. Herufi 100, na zimegawanywa kwa kufuata lugha hiyo. K iko moja tu. Jaribu kuandika kuku. Jaribu kaka, kiboko, kikapu, kukaa. Huwezi bila kile kipande kitupu, navyo viko viwili tu. U ziko nne, chache mno kwetu, na E ziko kumi na mbili, zinajaa mkononi kama wageni wasioaga. Q na X hazina kazi kabisa. C inangoja H.

Tuliteseka hivyo mara mbili, kisha shangazi akatoa hukumu: Q na X zote zihesabiwe K, kila moja kwa pointi tano kama K yenyewe. Mkiwa na K tatu na vile vitupu viwili mchezo unatembea. C tukaiacha ya CH tu. Kwa kanuni hiyo moja boksi la Kiingereza likawa letu.

Gomvi lililobaki ni la vitenzi. Je, neno ni nini? Shangazi aliweka LIMA, pointi sita bila kuhesabu vyumba vya rangi. Raundi iliyofuata akaongeza mbele NA kwa mara moja tu, ikawa NALIMA, nane. Mjomba akasema hilo si neno, hilo ni sentensi. Akajibiwa kwamba yeye mwenyewe akiulizwa shambani anafanya nini anajibu hivyohivyo. Kisha ikaja A: ANALIMA, tisa. Kisha W, ambayo peke yake ni nne: WANALIMA, kumi na tatu. Binamu alikuwa ameshashika kichwa. Na mwisho, nafasi mbili za nyuma zikiwa wazi, akaweka J na E. WANALIMAJE. Ishirini na mbili. Aliyapata kwa vipande sita alivyoongeza na jembe moja.

Kama mnapenda hivyo, ruhusuni kila umbo ambalo mtu anaweza kulisema barazani bila kuchekwa. Kama mnataka mchezo mgumu, kataeni viambishi vya nafsi na mkubali majina na vitenzi vitupu. Msianze bila kuamua. Na mjue Scrabble inamwacha nani: asiyependa kuandika, na mtoto wa chini ya miaka tisa hivi. Bibi yetu alisoma herufi za Kiarabu chuoni akiwa mdogo na za Kirumi anazisoma polepole, kwa hiyo tulimkalisha na binamu, yeye anatoa maneno, binamu anapanga. Alitoa "kimbi". Hakuna mwingine aliyekumbuka kwamba shimo lile la pembeni mwa bao lina jina.

Je, Catan haifai kabisa?

Inafaa, na nisipoisema vizuri binamu hatanisamehe. Mjerumani Klaus Teuber aliitoa mwaka 1995, na kiini chake ni kupatana: una kondoo watatu hujui uwapeleke wapi, mwenzako ana tofali, mnaongea. Watu wa Tanga hawafundishwi kupatana. Wachezaji wakiwa vijana wanne waliokwisha kuijua, inachezeka kwa saa moja hadi moja na nusu na kelele zake ni za sokoni. Binamu alishampa mke wangu ngano mbili kwa mbao moja "kwa sababu ni wewe", na akaujutia upendeleo huo raundi mbili baadaye.

Lakini boksi la kawaida ni la watu watatu au wanne. Hamuwezi kuwa tisa. Na mwanzo wake unaamua mengi: namba 6 na 8 hutoka mara tano tano kati ya kila mara 36 kwa wastani, 2 na 12 mara moja moja, kwa hiyo mgeni anayeweka makazi yake penye 12 kwa sababu pana picha nzuri ya mlima atakaa bila kupata kitu. Ukimfundisha mtu, mchagulie sehemu zake za kwanza. Ni upole huo tu unaotakiwa, nasi Idi ile hatukuwa nao.

Iliyobaki, kwa haraka

Keram: vipande tisa vyeupe, tisa vyeusi na malkia mwekundu. Tamu sana, ila ubao wake ni mkubwa kuliko meza nyingi za mgahawa, na usipopata poda ya kuutelezesha ni bora uache. Nyumbani ndio kwake.

Drafti ni ya wawili na washauri ishirini. Ipelekeni barazani na vizibo vyenu.

Ludo inawafaa bibi na wadogo. Kinachoiua ni kungoja sita ya kutokea. Mwanzo kila mtu awe na kete moja tayari nje, mtaokoa nusu saa.

Jenga ina vijiti 54 na jina letu wenyewe. Aliyeibuni, Leslie Scott, alikulia Afrika Mashariki, akaizindua London mwaka 1983. Mtoto wangu mdogo aliuliza kwa nini haiitwi Bomoa. Meza ikiwa na mguu mfupi usiifungue.

Mgahawani au nyumbani?

Mgahawani hulipii mchezo, unalipia unachoagiza. Kwa watu tisa hiyo haina tofauti na kulipia mchezo, ila hakuna anayeosha vyombo, na mama wa nyumba anakaa mezani badala ya kusimama jikoni akiulizwa zamu yake kwa sauti. Kwangu hilo peke yake linatosha. Kama mtakaa upande wa bahari, ulizeni upepo. Kipindi cha kusi karata hazikai, na nimeona shupaza ikielekea kisiwa cha Toten. Dhumna haina habari na upepo.

Nyumbani kuna mkeka, kuna bao, na kuna wageni wasiotarajiwa watakaoingia katikati ya mchezo na kuuvunja kwa salamu, jambo ambalo wengine wanalipenda.

Kukaa nako kuna hesabu zake. Babu, bibi na wajukuu ni watani, kwa hiyo wapambanisheni. Hapo kucheka mtu akishindwa ni haki. Mkwe na mkwe msiwaweke timu mbili. Nilishawahi kushinda mkono wa dhumna mbele ya mama mkwe, nikajikuta nimebaki na kipande hewani, sijui nikipige au nikilaze kama yai. Kaa naye upande mmoja. Akikosea, unasema kosa ni lako, na mnaendelea.

Jumapili hii, kwa hao hao tisa, nitaanza na Uno ya wote, kama dakika arobaini, bajia zikiwa zinakuja. Kisha tugawane: mama mkwe na mimi dhidi ya bibi na mwanangu mkubwa kwenye dhumna, shangazi, binamu na mke wangu kwenye Scrabble. Mjomba na yule mdogo watapata kona ya benchi na bao la kujifunza, kete mbili mbili. Ameshaniambia atakuja na komwe tatu za akiba.